“Hata Ulaya Hawataki”

Mwaka jana, mwezi wa sita, nilikuwa nimekaa kwenye benchi nje ya mashine ya kukamua alizeti hapa Singida mjini, nasubiri mafuta ya nyumbani. Foleni ilikuwa ndefu, na foleni ikiwa ndefu watu huongea. Mzee mmoja aliyetoka Ikungi na magunia manne alikuwa analalamikia mahindi yake: mvua ilikata yakiwa ndiyo kwanza yanatoa mbelewele, yakaungua shamba zima. Kijana muuza pembejeo akadakia kwamba wenzetu wana mahindi yaliyobadilishwa vinasaba ili yahimili ukame, sisi tumeyakataa. Hapo fundi wa mashine, bila hata kuinua kichwa, akamaliza ubishi kwa sentensi moja: “Hizo mbegu hata Ulaya hawazitaki.”

Na ubishi ukaisha kweli. Hakuna aliyeuliza ni Ulaya ipi, ni nani aliyewauliza, waliulizwa lini, wala swali lilikuwaje. Nikamgeukia yule mzee: “Na wewe mzee wangu, unazitaka au huzitaki?” Akanitazama kama nimemuuliza idadi ya ng’ombe wake. “Mimi? Kwani mimi nani kaniuliza?”

Makala hii ni juu ya jibu hilo. Siandiki kuzitetea mbegu za GMO wala kuzilaani; hiyo kazi ina wenyewe na wanalipwa. Hoja yangu ni kwamba katika nchi hii maoni ya mteja wa dukani Ulaya yana uzito kuliko maoni ya mkulima wa Ikungi, na sababu yake ni ya kawaida kabisa: yule ameulizwa, jibu lake likaandikwa, likachapishwa, na watu wakalisoma. Huyu wa kwetu anabaki na maoni yake kwenye benchi la mashine. Na sisi tunaojiita watu wa vitabu tuna sehemu yetu ya lawama, nitaifikia.

Tuanze na huko Ulaya kwenyewe. Mwaka 1974 iliyokuwa Jumuiya ya Ulaya ilianzisha utafiti wa maoni unaoitwa Eurobarometer, chini ya Mfaransa Jacques-René Rabier. Haujasimama mpaka leo. Katika kila nchi mwanachama wanahojiwa watu kama 1,000, na katika nchi ndogo kama Malta na Luxembourg kama 500. Wanaulizwa juu ya bei, uhamiaji, imani yao kwa wabunge, chakula wanachokula, hewa wanayovuta. Ripoti zinawekwa hadharani pamoja na maswali yenyewe. Yaani kwa nusu karne sasa Mzungu anaulizwa “unaonaje?” na anatunziwa kumbukumbu ya alichojibu.

Sasa walisema nini juu ya GMO? Mwaka 2010 Eurobarometer ya hatari za chakula ilionyesha kwamba asilimia 66 ya waliohojiwa walikuwa na wasiwasi na GMO katika vyakula na vinywaji. Mwaka 2019 ukafanyika utafiti mwingine wa usalama wa chakula, na GMO zikatajwa na asilimia 27 tu. Mtu wa haraka atasema hofu imeporomoka. Kumbe kilichobadilika sana ni swali. Mwaka 2010 watu walitajiwa hatari moja moja, na kwa kila moja wakaulizwa inawatia wasiwasi kiasi gani. Mwaka 2019 wakapewa orodha wachague zile zinazowasumbua zaidi, zisizidi tano.

Jaribu mwenyewe. Muulize mtu yeyote wa Manyoni: “Unaogopa nyoka?” Atasema ndiyo, tena haraka. Kisha mwambie ataje mambo matano yanayomnyima usingizi. Atataja ada ya mtoto, bei ya mbolea, mvua, mkopo wa kikundi, mgonjwa aliyeko nyumbani. Nyoka hayumo. Je, haogopi nyoka? Anamwogopa. Mara ya kwanza amejibu swali la nyoka, mara ya pili amejibu swali la maisha yake.

Kuna la zaidi. Bara hilohilo ambalo “hawataki” linaagiza kila mwaka mamilioni ya tani za soya kutoka Marekani na Amerika ya Kusini kwa ajili ya kulisha nguruwe, kuku na ng’ombe wake, na sehemu kubwa ya soya hiyo ni ya GMO. Nyama ya mnyama aliyekula soya hiyo, au maziwa yake, hayalazimiki kuandikwa lolote kwenye lebo. Hispania inalima mahindi ya GMO shambani. Chukua na mfano mwingine: mwaka 2014 robo tatu ya Wazungu waliohojiwa na Eurobarometer walisema wako tayari kununua bidhaa zisizoharibu mazingira hata kama bei imezidi kidogo. Ukienda kwenye hesabu za maduka, chakula cha kilimo hai katika Umoja wa Ulaya kwa ujumla hakijafika hata moja ya kumi ya mauzo yote ya chakula.

Siwaiti Wazungu waongo. Mtu yeyote ana maoni anayompa mhoji na maoni anayompa muuza duka, na yote mawili ni yake. Ninachosema ni kwamba tafiti zao, ukizisoma zote, zinaonyesha watu wenye hofu, wenye kubadilika, wenye nia njema mdomoni na mkono mzito mfukoni. Watu kama sisi. “Hata Ulaya hawataki” ni muhtasari wa mtu aliyesoma jalada la riwaya kisha akasimulia mwisho wake.

Sasa turudi nyumbani. Mwezi Oktoba 2016 watafiti wetu walipanda mahindi ya majaribio yaliyobadilishwa vinasaba katika kituo cha utafiti cha Makutupora, Dodoma. (Si ile Makutupora ya reli ya SGR, ambayo iko kwetu Manyoni.) Lengo lilikuwa mahindi yanayohimili ukame, na majaribio yakawekwa katika kanda hii ya kati ya ukame, yenye msimu mmoja wa mvua, ambayo Singida ni sehemu yake. Novemba 2018 Wizara ya Kilimo ikaamuru majaribio yasimame na mabaki yateketezwe. Januari 2021 waziri wa kilimo wa wakati huo, Adolf Mkenda, akatangaza tena kwamba majaribio ya GMO nchini yamekoma.

Huenda uamuzi ulikuwa sahihi. Kuna hoja nzito za kuhofia mbegu ambayo mwenye nayo ni kampuni, kuhofia mkulima kununua kila msimu, kuhofia mbegu zetu za asili kupotea. Nakubali zote zijadiliwe. Lakini ukifuatilia mjadala wa miaka ile utawasikia zaidi wanasayansi, wanaharakati, maofisa wa wizara na wafadhili wa pande zote mbili. Kila upande ulikuwa na “mkulima” wake wa mfukoni: wa huku anazililia mbegu, wa kule anazikataa. Na hoja ya Ulaya ilikuwa haikosekani, ikitumiwa kama mtu anavyomtaja mkubwa wake kumaliza ugomvi.

Mahali ambapo mteja wa Ulaya ana haki ya kusikilizwa, asikilizwe. Asali ya Manyoni na Itigi ikitaka kuingia kwenye soko lake, lazima ipimwe mabaki ya dawa kwa masharti yake. Ni sawa, ndiye anayelipa, ndiye atakayeilamba. Lakini mahindi ya yule mzee wa Ikungi hayaendi Hamburg. Yanaenda kusagwa, yanakuwa ugali, unaliwa na mlenda nyumbani kwake. Kwa ugali huo, maoni ya mtu wa Hamburg yanahusika vipi? Tumeyapeleka kwenye chungu kisichomhusu kwa sababu tu ndiyo maoni yaliyokuwa karibu na mkono, yamepigwa chapa, yana asilimia.

Mtu ataniambia: basi tuwaulize watu wetu, nani amekataa? Hapo sasa ndipo penye utamu.

Tumewahi kuuliza. Afrobarometer imekuwa ikihoji Watanzania tangu 2001, kwa kawaida watu 2,400 kwa kila awamu. Mwaka 2013 shirika la Twaweza likaanza Sauti za Wananchi: kaya zilichaguliwa kwa nasibu Tanzania Bara nzima, zikapewa simu na chaja ya sola, zikawa zinapigiwa na kuulizwa mambo ya maji, shule, hospitali, usalama na uongozi. Kwa mara ya kwanza ungeweza kusoma, kwa Kiswahili, kwa kurasa chache, wananchi wanaonaje jambo la mwezi ule.

Julai 2018 Twaweza wakatoa matokeo ya swali la uongozi. Wananchi walioukubali utendaji wa Rais John Magufuli, ambao mwaka 2016 walikuwa asilimia 96 na mwaka 2017 asilimia 71, sasa walikuwa asilimia 55. Kumbuka, 55 bado ni zaidi ya nusu. Kuna marais wa Ulaya ambao wangefanya sherehe. Lakini Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, ikaandika barua kudai kwamba utafiti haukuwa na kibali na kutaka maelezo. Mwezi huohuo pasipoti ya mkurugenzi wa Twaweza, Aidan Eyakuze, ikachukuliwa na Uhamiaji. Septemba Bunge likarekebisha Sheria ya Takwimu, ikawa ni jinai kuchapisha takwimu zinazopinga au kupotosha zile rasmi. Benki ya Dunia ikasema hadharani kwamba ina wasiwasi mkubwa, na mwaka 2019 sheria ikarekebishwa tena, makali yale yakaondolewa.

Angalia kalenda hiyo. Mwaka mmoja, 2018. Julai, yanatolewa majibu ya mwananchi juu ya uongozi, na aliyeuliza anaitwa ajieleze. Novemba, shamba la majaribio linafungwa na mkulima haulizwi anaonaje. Sisemi amri zile mbili zilitoka mezani kwa mtu mmoja. Nasema zilitoka katika tabia moja: maoni ya mwananchi yakikosekana hakuna anayeyatafuta, na yakipatikana yanatafutiwa kosa.

Silaha kubwa ya wanaoyatafutia kosa unaijua, uliisikia wakati ule na utaisikia tena: “Watu elfu moja na mia kadhaa wawakilishe mamilioni? Mimi mbona sijaulizwa?” Jamani, swali hili linaniudhi zaidi likitoka mdomoni mwa mtu wa Singida, kwa sababu mtu wa Singida anajua bambo.

Mnunuzi wa alizeti au mtama akija, hamwagi gunia chini ahesabu punje moja moja. Anachukua bambo, kile chuma chenye ncha na mfereji, anachoma gunia juu, katikati na chini, anatazama kilichotoka mkononi. Kwa punje chache hizo anajua kama mzigo umelowa au umechanganywa mchanga, na bei inapangwa palepale. Mkulima hasemi “mbona punje ile ya pembeni hujaiona?” Anachobishia ni namna ya kuchoma: umechoma juu tu, umechoma gunia moja ukaacha kumi. Huo ndio ubishi wa halali. Idadi ni jambo la pili.

Marekani walilipia somo hili kwa aibu. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest lilituma kadi za kura kwa watu milioni 10, zikarudi zaidi ya milioni 2, likatangaza kwamba Alf Landon atamshinda Roosevelt. George Gallup, kwa watu wachache mno kuliko hao, akasema Roosevelt atashinda, na akashinda kwa kishindo. Digest walichota majina kwenye orodha za wenye simu na wenye magari, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi. Walichoma gunia juu tu, mara milioni mbili. Miaka miwili baadaye jarida likafa.

Kwa hiyo mtu wa Singida akisema “sijaulizwa”, ana haki, lakini aulize vizuri zaidi. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania milioni 61.7, na sisi wa Singida tulikuwa milioni mbili hivi. Katika sampuli ya watu 2,400, fungu letu ni kama watu 80. Je, wamechaguliwa Singida mjini na Kiomboi tu, au bambo limefika Mkalama kwa Wahadzabe, na Itigi kwa warina asali? Na la muhimu kuliko yote kwangu: waliulizwa kwa maneno gani?

Hapa ndipo ninapowageukia ninyi, wasomaji wenzangu wa blogu hii.

Mama yangu mdogo anaishi kijijini, wilaya ya Ikungi. Kuna siku alifika kijana mpole na kishikwambi, katumwa na taasisi fulani. Nilikuwepo, nimekaa pembeni nachambua mboga. Kijana akasoma: “Je, unakubali sana, unakubali, hukubali wala hukatai, hukubali, au hukubali kabisa kwamba huduma zinazotolewa katika eneo lako zinakidhi mahitaji yako?” Mama mdogo akamtazama kwa huruma. Akamuuliza, “Mwanangu, umekula?” Kijana akacheka, akarudia. Mama mdogo akasema, “Sikubali wala sikatai, hilo ni jibu la mtu mwenye akili zake kweli?” Mwisho akachoka: “Wewe andika unavyoona inafaa.” Na kijana, Mungu amsamehe, akaandika.

Kisha likaja la hali ya maisha. “Nzuri, tunamshukuru Mungu.” Kijana akabonyeza “nzuri”. Mimi nilijua kwamba wiki ile mama mdogo ameuza mbuzi wa mwisho kumlipia mjukuu matibabu. Hakudanganya. Amejibu salamu. Kwetu, mgeni akikuuliza hali, unajibu hivyo kwanza. Mengine yanakuja baada ya chai, kwa aliyekaa. Mhoji ambaye hana muda wa kukaa atarudi mjini na salamu, ataziita takwimu.

Mwaka 2002 watafiti wa Afrobarometer waliochambua majibu ya Watanzania waliipa ripoti yao kichwa kinachouliza kama sisi ni raia tusiohoji au ni watu wenye subira na imani. Swali zuri. Mimi naongeza uwezekano wa tatu: labda ni watu wenye adabu waliosomewa maswali yaliyotafsiriwa vibaya. Miaka thelathini kabla ya hapo, mwaka 1972, Mfaransa Pierre Bourdieu alikuwa ameshatoa mhadhara wa kusema maoni ya umma hayapo, kwa maana kwamba wapima maoni wanajifanya kila mtu ana jibu, majibu yote yana uzito sawa, na wote tumekubaliana kwamba hilo ndilo swali la kuulizwa. Alikuwa anawasema Wafaransa, watu wanaoulizwa kwa lugha yao. Angemwona mama mdogo!

Swali la utafiti ni maandishi. Lina msamiati, lina sauti, lina msimulizi anayejificha, lina mambo linayoyachukulia kwamba msomaji anayajua. Kwa maneno mengine ni kazi yetu. Sisi tunaweza kukesha tukibishana kama mtafsiri wa riwaya amemtendea haki mwandishi, lakini dodoso linalokwenda kwa maelfu ya Watanzania na kuamua bajeti ya maji tunawaachia watu waliotafsiri neno kwa neno usiku mmoja kabla ya kwenda uwandani. Hakuna mhakiki anayelihakiki. Ripoti zinatoka, sisi waandishi wa habari (najihesabu wa kwanza) tunanyakua asilimia moja ya kichwa cha habari na kukimbia. Lini uliona gazeti letu limechapa swali lenyewe, kama lilivyoulizwa, kwa Kiswahili chake?

Tena tusijifanye wasafi. Katika duru zetu hizihizi tuna “hata Ulaya hawataki” yetu wenyewe. Inasema: “Watanzania hawasomi, ukitaka kumficha Mtanzania kitu, kiweke kitabuni.” Tumeirudia kwenye makongamano na uzinduzi wa vitabu mpaka imekuwa sala. Wachapishaji wanaitumia kukataa miswada, waandishi wanaitumia kujifariji. Bambo lilichomwa wapi? Mtu alimuuliza yule msichana wa Kiomboi anayesoma hadithi kwa vipande kwenye simu, usiku, kwa bando la buku? Alimuuliza mwalimu wa shule isiyo na duka la vitabu kilomita mia kila upande? Huenda kweli hatusomi. Lakini kwa sasa tunalisema tu, kama fundi wa mashine, bila kuinua kichwa.

Ninachodai si kikubwa. Taasisi zinazotuhoji zichapishe maswali kwa Kiswahili kilekile kilichotumika, tuyasome, tuyacheke, tuyarekebishe. Serikali iache kuomba kibali pale jibu linapochukiza tu. Wizara ikitaka kufunga au kufungua shamba kwa niaba ya mkulima, iwe na ushahidi kwamba imemuuliza, kwa lugha anayoielewa, akiwa ameketi. Na blogu kama hii iwe na nafasi ya kuhakiki dodoso kama inavyohakiki diwani.

Kijana yule wa kishikwambi alipomaliza, akashukuru, akafunga mkoba. Mama mdogo akamsindikiza mpaka kwenye njia, kama desturi, akampa na karanga kidogo za njiani. Halafu akamuuliza swali moja, na ndilo pekee aliloliuliza yeye siku ile: “Na majibu yangu, mkishayasoma, mtarudi mniambie wenzangu wamesemaje?”

Kijana akasema ndiyo. Huu ni mwaka wa tatu.